Saundiba imefika, spika za runinga tuzizime?

Geuza runinga bapa uangalie mgongo wake. Spika zimebanwa chini au nyuma, sauti inagonga meza au ukuta kwanza ndipo ikufikie. Ndiyo maana watu hununua saundiba, kisha sebuleni linaanza bishano: tuwashe zote?

Mimi nasema zima za runinga, labda kama vifaa hivyo viwili vimeundwa kushirikiana.

Kinachoharibu ni muda. Saundiba hupokea sauti, huichakata, ndipo huitoa. Ukiunganisha kwa Bluetooth inachelewa zaidi. Hewani sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 tu za kuchelewa ni sawa na kuisogeza spika nyuma karibu mita tatu na nusu. Zikizidi 50 hivi, msomaji wa taarifa ya habari anasikika kama yuko kwenye ukumbi mtupu, kila neno lina mkia. Zikiwa chache mwangwi husikii, ila mawimbi yanafutana na sauti ya mtu inakonda. Hapo ndipo saundiba nzima inapopewa lawama isiyo yake.

Samsung walilishughulikia hilo mwaka 2020 kwa Q-Symphony: runinga na saundiba hupatanisha muda na kugawana kazi. LG nao wana WOW Orchestra. Ninaoupenda zaidi ni utaratibu wa Sony, ambapo runinga hubeba sauti ya katikati, yaani mazungumzo, na saundiba ikabeba yaliyobaki. Kwenye baadhi ya runinga zao za OLED kioo chenyewe hutetema na kutoa sauti, basi maneno yanatoka pale pale ulipo mdomo wa mwigizaji.

Sharti la mifumo hii yote linauma: chapa iwe moja, na modeli zote mbili ziwe na uwezo huo. Ukiwa Kariakoo au Luthuli, usiridhike na "inaingiliana, bosi". Mwambie muuzaji aziunganishe, awashe, nawe usikilize.

Mwenye chapa mbili tofauti atumie waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, achague saundiba pekee. Akiona midomo inatangulia maneno, atafute kwenye mipangilio ya sauti sehemu ya kuchelewesha, na kama imewekwa namba kubwa airudishe sifuri.