Kabla hujaliingiza jiko la hoteli nyumbani

Ukipita Mathare alfajiri, ukianzia Mlango Kubwa na kufuata barabara ya Juja kuelekea Mabatini, pua ndiyo hutangulia kukuambia umefika. Ni harufu ya mandazi, chapati na madondo yaliyolala motoni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa nyumbani, si hotelini. Mama huamka saa tisa usiku, hukanda unga juu ya meza ile ile ambayo watoto watafanyia kazi ya shule jioni, na ifikapo saa kumi na mbili beseni limejaa.

Basi si ajabu, msomaji mpendwa, kwamba biashara ikishika, jambo la kwanza kumjia mama huyu akilini ni jiko kubwa. Ameliona hotelini. Limechomelewa kwa vyuma vizito, lina kichwa kipana, na ukilifungulia hunguruma kama lori linalopanda mlima. Chai ya watu arobaini huchemka ukigeuka tu. Nani asiyelitamani?

Mimi nililitamani. Miaka michache iliyopita nilinunua moja la kichwa kimoja, nikaliweka jikoni kwangu. Siku ya kwanza lilibabua rangi ya ukuta na kuyeyusha ndoo ya plastiki iliyokuwa hatua moja kando. Chapati nazo ziliungua nje zikabaki mbichi ndani. Aliyeniuzia hakuniuliza hata swali moja kuhusu mahali nitakapoliweka. Nami sikumwuliza lolote.

Ukweli ni kwamba jiko la hoteli liliundwa kwa ajili ya hoteli: chumba kipana, sakafu ya saruji, bomba la kutolea moshi na mpishi anayesimama mbele yake kutwa nzima. Halijali linachokipasha joto kandoni. Hata katika nchi tajiri jambo hili liliwasumbua watu. Huko Marekani mjenzi mmoja aitwaye Fred Carl, wa mji wa Greenwood katika jimbo la Mississippi, alianzisha kampuni ya Viking, ambayo mwaka 1987 ilianza kuuza majiko yenye nguvu za hoteli lakini yaliyotengenezwa upya ili yafae nyumba, yasichome kabati za jirani. Sasa wewe fikiria chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, pazia na kochi la sponji. Kabati ungelipata wapi!

Tuanze na gesi, maana ndiyo inayowavutia wengi siku hizi. Kifaa kinachofungwa juu ya mtungi, tunachokiita regulata, kina aina mbili. Ya nyumbani hutoa gesi kwa shinikizo dogo lisilobadilika. Ya hoteli hutoa shinikizo kubwa, na mara nyingi ina kitasa cha kuongeza na kupunguza. Kila moja ina jiko lake. Ukiunganisha ile ya hoteli na jiko la kawaida la vichwa viwili, unaweza kupata moto unaoruka mbali na kichwa, au mpira unaochomoka. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa mradi tu zinaingia.

Kisha piga hesabu ya ulaji. Kichwa cha kawaida cha nyumbani, kikiwa wazi kabisa, hula takriban gramu 200 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 basi utakupa kama saa 30 za moto. Kichwa cha wastani cha hoteli huweza kula gramu 700 na zaidi. Mtungi ule ule unakwisha kwa saa nane na ushei! Ni kweli kwamba maji yatachemka upesi, lakini madondo hayana haraka. Yakishachemka yanataka moto mdogo wa muda mrefu, na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yatakuokolea gesi kuliko jiko lolote utakalonunua.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Gesi imo mtungini ikiwa majimaji, na ili itoke kama hewa huhitaji joto, ambalo hulivuta kutoka kwa mtungi wenyewe. Jiko kubwa likiivuta kwa kasi, mtungi mdogo huwa baridi, hutoka jasho, pengine hata hushika barafu, na moto hufifia ilhali gesi bado imo. Wapo wanaoupaka mtungi maji moto au kuusogeza karibu na jiko la makaa ili uamke. Jamani, hilo la makaa msilifanye kamwe! Anayetaka jiko la hoteli aanze na mtungi wa kilo 13 au mkubwa zaidi.

Na mtungi huo utauweka wapi? Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea kwenye mwanya wa paa. Hushuka, hutambaa sakafuni na kutafuta mahali pa chini kama maji yafanyavyo. Mathare ni bonde. Gesi ya nyumba ya juu inaweza kuteremka hadi mlangoni pa jirani ambaye wakati huo anawasha stovu ya mafuta taa. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lilipolipuka Embakasi, watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Ule ulikuwa mzigo wa lori, si mtungi wa nyumbani, lakini katika vichochoro ambamo gari la zimamoto haliwezi kupita, hata mtungi mmoja ni mwingi.

Kwa maoni yangu, kichwa cha hoteli kikae nje, chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili, mtungi ukiwa umesimama wima mbali na moto. Ukikosa nafasi ya nje, baki na jiko la vichwa viwili na regulata yake ya nyumbani. Huna hasara. Chapati hupikwa vizuri kwa kikaango kizito na moto wa wastani, na vikaango viwili kandokando humaliza beseni kwa kasi ambayo wengi hawaiamini hadi waione. Kile kijiko kinachokaa juu ya mtungi wa kilo 6, ambacho wengi hukiita meko, kinafaa chai na mayai. Usikitwike sufuria ya debe zima.

Wasiotaka gesi wana jiko la makaa, na hapa hatuna haja ya kumwonea mtu gere. Jiko letu la udongo ndani na bati nje lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likitokana na jiko la ndoo la Thailand. Hapa lilifinywa kiuno na kupanuliwa kitako ili lisipinduke mtu anaposonga ugali. Udongo ule hushika joto na kupunguza makaa. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji huunda hata makubwa ya hoteli. Gonga udongo kwa kidole kabla hujalipa. Ukilia kama chungu kizima, chukua. Ukitoa sauti ya kukwaruza, una ufa.

Lakini makaa yana hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na jiko likiwa kubwa nayo huwa nyingi. Baridi ya Julai ndiyo huwaponza watu, wanapoliingiza ndani likiwa na makaa mekundu ili walale na joto. Jiko la makaa lilale nje, hata kama itabidi ulifunge kwa mnyororo.

Akina dada wanaoishi kwenye magorofa ya Mathare North nao huniuliza kuhusu kuka, zile zenye vichwa vinne na oveni. Swali langu ni moja tu: utaoka keki mara ngapi kwa mwaka? Nimeingia katika nyumba nyingi ambamo oveni ni kabati la sufuria. Na ukichagua ile yenye kichwa kimoja cha stima, jua kwamba kichwa cha wati 1,500 hula uniti moja na nusu kwa kila saa kikiwaka mfululizo.

Siku ya kununua, beba sufuria yako kubwa kabisa, hata kama watu watakucheka kwenye matatu. Iweke juu ya jiko uone kama inatulia. Liwashwe. Moto wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, fundi arekebishe tundu la hewa hapo hapo. Paka maunganisho maji ya sabuni uone kama mapovu yanafura. Mwishowe peleka mkono kando ya jiko, mahali ambapo ukuta wako utakuwa, uhesabu polepole hadi ishirini. Na muuzaji akikataa kuliwasha mbele yako, yako majiko mengine hatua mbili kutoka hapo.