Kontena zima au la kuchangia? Muagizaji wa viungo apige hesabu mpaka stoo

Anayeagiza bizari nyembamba kutoka Unjha, soko kubwa la zao hilo huko Gujarat, India, lazima aamue mapema: akodi kontena zima au achangie na wengine? Wengi huangalia nauli ya meli peke yake, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi. Ukichangia, hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kutegemea ipi imezidi. Bizari ni nyepesi ila inakula nafasi: magunia 100 ya kilo 25 ni tani 2.5 tu, lakini hujaza takribani mita 5 hadi 6, na hizo ndizo utakazolipia. Kwa mzigo huo, kuchangia kuna nafuu. Ukikaribia mita 15, mara nyingi kontena zima ndilo nafuu.

Hata hivyo, viungo hunyonya harufu na unyevu. Gunia likipangwa jirani na sabuni, rangi au matairi, mteja atajua akilifungua tu. Tena, kontena la kuchangia lazima lipakuliwe na mizigo igawanywe kwanza. Nyaraka za mmoja zikiwa na kasoro, wote mnaweza kukwama.

Kontena zima unalisimamia mwenyewe. Kabla ya kupakia, wakala wako aingie ndani, milango ifungwe, atazame kama kuna tundu linalopenyeza mwanga, kisha anuse sakafu. Atandike karatasi nzito na kutundika mifuko ya kunyonya unyevu, maana mvuke hugeuka matone darini, yakadondokea magunia na kuleta kuvu. Ila ukichelewa kulirudisha baada ya siku za bure kuisha, tozo huongezeka kila siku.

Kwa Tanzania, njia yoyote utakayochagua, pata kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kabla mzigo haujapakiwa, na udai cheti cha usafi wa mimea kutoka India.

Wenye mizigo midogo, msikubali kupangwa na msiowajua. Unganeni wauza viungo watatu au wanne, mkodi kontena moja lisiloingia kitu kingine, kila mmoja awe na hati yake ya shehena, na mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini mzigo ukikwama.