Kiliwazo cha Mtalaka: Haki Tunayoisahau

Mwanamke hukaa na mumewe miaka thelathini, akazaa, akalea, akajenga. Kisha siku moja hupewa talaka na kuambiwa arudi kwao. Eda ikiisha, na mkono wa mume hukatika. Je, ndivyo sharia isemavyo?

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wetu mwambaoni, mtalaka ana haki kadhaa. Mwenye talaka rejea hulishwa, huvishwa na hukaa nyumbani mwa mume mpaka eda iishe. Mjamzito hutunzwa mpaka ajifungue, hata ikiwa talaka ni ya tatu. Mahari yaliyosalia ni deni. Juu ya hayo iko mut'a, yaani kiliwazo, kilichotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 241. Kwa Mashafii ni wajibu kwa mke aliyeingiliwa kisha akaachwa pasipo yeye kuwa sababu. Wasipoafikiana kiasi, kadhi hukadiria kwa kutazama hali zao wawili.

Nchi nyingine zimeiandika haki hii katika sheria zao. Misri, mwaka 1985, iliamua kwamba mke aliyeachwa bila ya ridhaa yake wala sababu itokayo kwake alipwe kiliwazo kisichopungua masurufu ya miaka miwili.

India safari ilikuwa ndefu. Shah Bano wa Indore, mama wa watoto watano, aliachwa mwaka 1978 baada ya ndoa ya zaidi ya miaka arubaini. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilithibitisha alipwe rupia 179 na paisa 20 kwa mwezi. Waislamu wengi walilalamika kwamba mahakama imeingilia sharia, na mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria iliyoonekana kuyafunga matunzo ndani ya eda. Mwaka 2001 mahakama ikaifasiri: mume atoe, kabla eda haijaisha, fungu litakalomfaa mtalaka hata baadaye. Mwaka 2024 ikaamua kwamba sheria ya matunzo ya raia wote humhusu pia mwanamke wa Kiislamu.

Kwetu Kenya, ibara ya 170 ya Katiba imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu waliokubali kuhukumiwa nazo. Mlango uko wazi, ila haki isiyodaiwa hupotea. Basi, dada yangu, talaka yako iandikwe na tarehe yake ijulikane. Hifadhi cheti cha ndoa. Masurufu ya eda, mahari na kiliwazo, dai kila kimoja kwa jina lake. Matunzo ya watoto ni mlango mwingine: hayakomi kwa eda, na ibara ya 53 imewabebesha wazazi wote wawili, wawe wameoana au la.

Nawe, kaka, usingoje kuitwa kwa kadhi. Tumeamrishwa tukiachana tuachane kwa wema, na wema huo hauwi maneno matupu.