Dawa za Kwapa za Asili: Zina Nini Ndani Yake?

Jambo nitakalolieleza leo ni jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni kikwapa. Sisi tuishio Rumonge hatuwezi kulikwepa. Mji wetu umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya milima, na joto lake si kama la wenzetu wa Bururi wanaolala na mablanketi mawili. Darasa lililojaa watu saa saba mchana si mahali pa kujificha. Nimepata kumwona mwanafunzi akikataa kunyosha mkono, hali jibu analijua, kwa kuogopa tu kwamba wenzake watamcheka. Basi si ajabu kuwa dawa ya kwapa inayosifiwa kuwa ni "ya asili" hununuliwa upesi, hata ikizidi nyingine kwa bei. Husemwa kwamba haina kemikali, haina alumini, haina kitu cha kudhuru. Nimejaribu kuchunguza kama maneno hayo ni kweli, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tujue kwamba jasho lenyewe halinuki. Mwilini tuna tezi za jasho za namna mbili. Za kwanza zimeenea karibu ngozi yote, nazo hutoa maji yenye chumvi ili kutupoza. Za pili zipo hasa makwapani na sehemu za siri, nazo huanza kazi mtu anapobalehe. Ndiyo sababu mtoto wa miaka sita aweza kukimbia kutwa asinuke kikwapa. Tezi hizi hutoa majimaji mazito kidogo, ambayo nayo hayana harufu mpaka vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi viyale. Mabaki ya chakula chao ndiyo yanukayo. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakishirikiana na wale wa kampuni ya Unilever, walieleza kimeng'enya kilichomo katika kijidudu kiitwacho Staphylococcus hominis, ambacho ndicho kinachotengeneza harufu ile kali kama ya kitunguu. Watu wengi wa China, Korea na Japani hawana kikwapa, kwa sababu ya tofauti ndogo katika urithi wao. Sisi wa pande hizi hatukupata bahati hiyo.

Kwa hiyo njia za kujikinga ni mbili: kuvipunguza vijidudu, au kulizuia jasho lisitoke. Njia ya kwanza ndiyo ya marhamu iliyoitwa Mum, yenye zinki ndani yake, iliyoanza kuuzwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1888. Njia ya pili ni ya Everdry ya mwaka 1903, iliyotumia chumvi ya alumini. Chumvi hiyo huganda ndani ya vitundu vya jasho na kuviziba kwa muda. Mpaka leo dawa za kuzuia jasho hutumia chumvi za alumini, na iliyo maarufu ni klorohidrati ya alumini.

Hofu ilitoka wapi? Mwaka 2004 Philippa Darbre na wenzake, huko Uingereza, walichapisha habari kwamba wameona parabeni, yaani dawa zinazotiwa katika vipodozi visioze, ndani ya uvimbe 20 wa saratani ya matiti. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Ila utafiti ule haukulinganisha na nyama ya matiti ya watu wazima wa afya, wala haukuonyesha kwamba parabeni hizo zilitoka katika dawa ya kwapa. Alumini nayo ikashukiwa vivyo hivyo. Watu wakaanza kutafuta kitu kisicho na vyote viwili, na wafanya biashara hawakuchelewa.

Sasa nije kwenye shabu. Kila mtu hapa aijua: jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, ambalo kinyozi humpaka mtu aliyekatwa na wembe ili damu ikome. Kuipaka kwapani ni desturi ya zamani. Sokoni Rumonge nilimkuta mama mmoja anaiuza, imechongwa vizuri kama yai na kutiwa katika kikopo cha plastiki. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," kisha nikamwuliza kama ina alumini.

"Marahaba mwanangu. Hili ni jiwe la Mungu," akajibu. "Soma mwenyewe, wameandika haina."

Nikasoma. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, na maneno yake yalisema kwamba haina klorohidrati ya alumini. Mama yule hakusema uongo, wala karatasi haikusema uongo. Lakini nyuma yake, kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, palitajwa kitu kilichomo, nacho ni Potassium alum. Hilo ndilo jina la shabu, na maana yake ni chumvi ya potasiamu na alumini.

Mwanafunzi wa kemia aweza kuhesabu mwenyewe. Katika shabu mna potasiamu moja, alumini moja, salfeti mbili na maji kumi na mawili. Uzito wa vyote pamoja ni kama 474, na wa alumini peke yake ni 27. Ukigawanya utapata 5.7 kwa mia. Basi jiwe la gramu 100 lina karibu gramu 6 za alumini. Nimesikia ikisemwa kwamba chembe za shabu ni kubwa mno, haziwezi kupenya ngozi. Neno hili halisimami, maana shabu ikiloweshwa huyeyuka, na ikiyeyuka alumini yake huachana na wenziwe na kuelea peke yake majini. Tena jiwe lenyewe mara nyingi halikuchimbwa mlimani. Shabu nyingi ya siku hizi hutengenezwa kiwandani, kwa kuanza na madini ya boksiti na asidi ya salfuriki.

Je, tuitupe shabu? La, hasha. Mwaka 2020 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Ulaya inayopima usalama wa vipodozi ilisema kwamba alumini katika dawa ya kwapa ya kupaka ni salama isipozidi 6.25 kwa mia, na katika ya kupuliza isipozidi 10.60 kwa mia, kwa kuwa ile inayopenya ngozi ni kidogo mno. Shabu nzima, hata kabla ya kuyeyushwa, iko chini ya kiasi hicho cha kwanza. Wenye ugonjwa wa figo ndio wanaoambiwa wamwulize daktari kwanza, na huko Marekani onyo hilo ni lazima liandikwe juu ya dawa za kuzuia jasho, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini. Linaloniudhi mimi si shabu. Ni mtu kulipishwa fedha zaidi ili aikimbie alumini, kisha akauziwa alumini.

Ndimu ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoona hatari iliyo karibu nasi zaidi. Wavuvi, na wanawake wauzao ndagala, huondoa shombo mikononi kwa ndimu, na wanafunzi kadha wa kadha huipaka kwapani. Asidi yake huvipunguza vijidudu, hilo ni kweli. Lakini ndani ya ndimu, hasa katika ganda lake, mna vitu viitwavyo furanokumarini, ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya siku moja au mbili ngozi huwaka moto na kutoa malengelenge, kisha hubaki baka jeusi kwa majuma mengi. Kwapa lenyewe hufichika, ila maji ya ndimu hutiririka mpaka mkononi na ubavuni, na mchezaji mpira aliyevaa fulana isiyo na mikono hana kinga. Mwenzetu mmoja alipatwa hivyo, na watu wakadhani amemwagikiwa na uji wa moto. Nani atasema kwamba ndimu iliyochumwa asubuhi si ya asili?

Soda ya kupikia maandazi nayo husifiwa sana. Ngozi yetu ina asidi kidogo, kipimo chake ni kama 5, lakini soda hupita 8. Kwa hiyo wengine hutoka vipele wakiitumia kila siku. Tena yako manukato ya mimea. Karafuu za Pemba zina eugenoli, na mchaichai una sitrali. Vyote viwili vimo katika orodha ya manukato 26 ambayo sheria ya Ulaya ya mwaka 2003 iliamuru yatajwe kwa jina juu ya kipodozi, kwa sababu ngozi za watu wengine haziyapatani.

Imebaki sabuni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dawa ya kwanza ya kikwapa, nayo hutengenezwa papa hapa. Rumonge yajulikana Burundi nzima kwa michikichi yake, na wako watu wakamuao mawese na kupika sabuni nyumbani. Sabuni hiyo pia husifiwa kwamba haina kemikali. Lakini hakuna sabuni ipikwayo bila ya soda kali, ile wanayoiita kostiki, au bila ya maji ya majivu, ambayo nayo ni makali kwa sababu ya potasi iliyomo. Mafuta na soda vikikutana hugeuzana, vikazaa vitu viwili vipya, sabuni na gliserini. Soda ikipimwa sawasawa huisha yote, na sabuni hiyo haina ubaya. Kilo moja ya mawese hutaka gramu 140 hivi za soda. Mpikaji atiaye kwa kukisia, kikombe hiki na nusu ya kile, aweza kuzidisha, na ile iliyozidi hubaki ndani ya kipande ikingoja kwapa la mtu. Akipunguza kidogo, yatabaki mafuta machache yasiyogeuka, na hayo hayamuumizi mtu. Kisha vipande huachwa mahali penye hewa muda wa wiki nne hivi, vikauke na kukomaa.

Kwa hiyo mimi nikinunua sabuni ya nyumbani, siulizi kama ni ya asili. Humwuliza mpikaji maswali mawili: soda aliipima kwa mizani gani, na vipande vimekaa siku ngapi tangu kukatwa. Asiyeweza kunijibu la kwanza, sinunui kwake. Akinijibu la pili kwamba vina siku tatu, nanunua, lakini naviweka juu ya kabati mpaka mwezi mwingine.