Fahamu: Presha salama ya gesi kwa soda ya nyumbani

Mtu wa Utemini, Manispaa ya Singida, anaweza kutengeneza soda ya tangawizi na asali jikoni kwake. Kinachotaka umakini ni gesi.

Povu la soda hutokana na hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, inayoyeyuka majini. Kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo yanavyoipokea kwa urahisi. Kinywaji cha nyuzijoto 4 kinahitaji presha ya takribani psi 30, sawa na upepo wa tairi la gari dogo. Kwa nyuzijoto 25, povu lilelile litadai karibu mara mbili. Kwa hiyo, poza kwanza, kisha tia gesi.

Hatari iko kwenye mtungi wa kabonidayoksaidi. Kwa joto la kawaida la chumbani, ndani yake mna zaidi ya psi 800. Gesi hiyo haipaswi kamwe kwenda moja kwa moja kwenye chupa. Lazima ipite kwenye regyuleta ya kabonidayoksaidi yenye kipimo na vali ya usalama. Ile ya jiko la gesi haifai hata kidogo, kwani haikuundwa kuhimili presha hiyo.

Chupa nayo ichaguliwe. Ya plastiki iliyotoka na soda imeundwa kuhimili presha. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, na ya kioo ikipasuka hurusha vipande. Yenye ufa au iliyopinda itupwe.

Madirisha yaachwe wazi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na haina harufu.