Mawakili pia huugua kwa machungu ya wateja

Chukua mfano wa wakili anayeishi Mwihoko na kutetea watu katika mahakama za Ruiru na Thika. Asubuhi amemsikiliza mama anayeomba ulinzi dhidi ya mume mpigaji, chini ya sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani. Mchana amesoma taarifa ya mtoto aliyenajisiwa. Jioni anapanda matatu kurudi nyumbani. Je, hayo yote huyaacha ofisini?

La. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, walieleza kuwa washauri wanaosikiliza visa vya mateso kila mara huathirika wao wenyewe. Mawakili nao hupatwa na kiwewe hiki cha kuambukizwa. Si udhaifu wala laana.

Dalili zake ni kukosa usingizi, kuota visa vya wateja, hasira za haraka, kuwahofia watoto wako kupita kiasi na kuzidisha pombe. Wengine hufa ganzi moyoni. Huahirisha faili fulani kila siku au hukwepa kuuliza maswali machungu, na mteja akapoteza haki yake.

Kinachozidisha mzigo ni siri. Sheria ya Kenya humkataza wakili kufichua mambo ya mteja, kwa hivyo wengi hunyamaza kabisa. Lakini siri ni ya mteja; maumivu ni yako. Waweza kumwambia mshauri au wakili mwenzako, "Kazi ya wiki hii imeninyima usingizi," bila kutaja jina, mtaa wala kisa.

Fanya pia haya:

• Usipange wateja wenye visa vizito siku moja.

• Picha na ripoti za daktari zisome ofisini, mara zinazohitajika tu. Usizipeleke kitandani.

• Mteja anayehitaji ushauri nasaha mwelekeze kwa mshauri. Wewe shughulikia kesi.

• Tembea, cheza na watoto, lala mapema.

Dalili zikiendelea kwa wiki kadhaa, mwone daktari. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata siku moja: nenda hospitali iliyo karibu. Hospitali ya Mathari, Nairobi, hutibu magonjwa ya akili. Wahenga walisema mganga hajigangi; wakili naye huhitaji wa kumsikiliza.