Nilichoka kuvaa saa feki, nikaunda yangu kwenye keja

Kama umewahi kununua saa barabarani hapa Nairobi, unaijua ile raha ya wiki mbili. Wiki ya tatu rangi ya dhahabu inaanza kubanduka, ngozi ya mkono inageuka kijani, na lile jina kubwa la Uswisi lililoandikwa usoni linaanza kukuaibisha. Yangu niliinunua elfu moja na mia mbili. Nilikuwa nimetoka chuoni, na simaanishi kuhitimu. Karo ilinishinda nikiwa mwaka wa pili wa diploma ya ufundi wa mitambo. Nilitaka mkono wangu useme kitu ambacho mfuko haungeweza kusema.

Siku moja nikaifungua kwa kisu. Zile skrubu nane za mbele zilikuwa pambo tu, zimemwagwa pamoja na kipande chenyewe. Lakini ndani, manze, kulikuwa na mashine ndogo ya kwatzi, haifiki hata ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na ilikuwa inatembea bila wasiwasi. Kitu cha pekee ndani ya ile saa ambacho hakikuwa kinanidanganya. Nikaitoa, nikaifunga kwenye karatasi, nikaanza kuuliza maswali.

Saa iliyokuwa ikiigwa inaitwa Royal Oak, ya kampuni ya Audemars Piguet. Aliyeichora ni Gérald Genta. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipigiwa simu jioni moja akaambiwa mchoro unatakiwa kesho asubuhi, na usiku huo akaikumbuka kofia ya wapiga mbizi wa zamani, ile ya shaba iliyokazwa kwa skrubu. Saa ilitoka 1972. Ilikuwa ya chuma cha pua, na bado iliuzwa faranga 3,300 za Uswisi, pesa ambazo watu walizoea kulipia dhahabu. Leo nyingi zinauzwa kwa mamilioni ya shilingi zetu.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa nikifikiria. Chuma cha pua si kitu adimu, hata sufuria zinatengenezwa nacho. Genta alifanya nini cha ziada? Tazama picha zake kwa karibu. Juu kumepigwa msasa kwa mistari laini inayoelekea upande mmoja, halafu kila ukingo umekatwa mshazari na kung'arishwa kama kioo. Mwangaza ukipita, kingo zinawaka. Ni kazi ya mikono na muda, na muda ndio kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi.

Nikaenda Kamukunji, nikanunua kipande cha shaba ya manjano, ile ya kutengenezea makufuli na mifereji, unene wa milimita kumi. Ni laini kuliko chuma, kwa hivyo tupa ya kawaida inaimudu. Ukitaka pembe nane zilizo sawa huhitaji kompyuta. Chora mraba, wangu ulikuwa milimita 42. Weka bikari kwenye pembe moja, ipanue hadi katikati ya mraba, kisha chora tao likate pande mbili zinazokutana hapo. Rudia kwenye pembe zote nne. Utapata alama nane; unganisha, kata pembe zilizobaki nje. Nilitumia bikari ya shule ya msingi.

Shimo la ndani sikujaribu mwenyewe. Fundi mmoja mwenye mashine ya kukereza alinitoboa kwa mia sita, akacheka, akaniuliza kama natengeneza nati ya trekta.

Kwa uso wa saa nilihitaji kitu chembamba na bapa. Nikatumia kitambulisho changu cha chuo. Usinitafutie mashairi hapo, ilikuwa tu plastiki iliyokuwa karibu. Nilikisugua hadi picha yangu ikafutika, nikachora mistari ya miraba kwa sindano kama mkeka, nikapaka rangi nyeusi. Halafu akrabu zikakataa kushika! Plastiki ilikuwa nene mno, kijiti cha katikati kilichomoza kidogo tu. Nilisugua upande wa nyuma siku nzima hadi ikawa nyembamba kama ganda la yai. Mshale wa kwanza wa sekunde niliuvunja. Wa pili nilinunua kwa fundi wa saa pamoja na kioo, na huyo mzee akanifundisha kushika pumzi ninapouweka. Mkanda wa ngozi ulitoka Kariokor.

Jumla ilikuwa kama 1,750 na wiki tatu, pamoja na vidole vyenye malengelenge.

Ndani kuna betri inayotetemesha fuwele mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inaigawa hesabu hiyo kwa mbili, mara kumi na tano, inabaki pigo moja kila sekunde. Fanya hesabu hiyo uone. Kwa hivyo hupoteza muda kidogo sana. Kasoro ziko kwangu. Shimo la kitufe cha kurekebishia wakati lilikwenda kombo nusu milimita, kwa hivyo kinakwaruza, na mvua ikinyesha kioo kinaingia ukungu. Skrubu ni nne, si nane, lakini hizi zinashika kweli.

Sasa skia kilichofuata. Jamaa mmoja wa mtaani aliiona, akaigeuza, akaipenda. "Niandikie jina la ile kampuni hapo juu nikupe elfu kumi na tano cash, msee." Nilikuwa na deni la keja miezi miwili, elfu kumi na tatu. Sitakudanganya, nililala nikiwaza. Najua kuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, na kosa la kwanza linaweza kukupeleka jela hadi miaka mitano. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba angelipia jina, na wiki zangu tatu zingekuwa zawadi ya bure. Nikamwambia hapana, ila naweza kumuundia isiyo na jina kwa elfu saba. Akaondoka, na salamu amepunguza.

Mama mwenye ploti alikuja kudai Jumatatu. Nikamwomba anipe muda. Akanyamaza, akiangalia mkono wangu.

"Hiyo ulinunua wapi, kijana?"

"Nimeitengeneza, mama."

Akaivua mwenyewe, akaiweka sikioni, akauliza kama naweza kuunda ndogo kidogo, ya kike, tukate mwezi mmoja. Shaba tayari iko kwenye jiriwa. Safari hii nimepima shimo la kitufe mara nne.